Leo Inaanza Saa Ngapi?

Kosa langu la kwanza lilikuwa jina. Ukurasa wa mbele wa dashibodi niliyoitengenezea kampuni yetu niliuita "Kikokotoo Kipya", kwa herufi nene za buluu, nikawatumia wafanyakazi wote Ijumaa asubuhi. Kufika saa nne ya chai, mbele ya meza yangu walikuwa wamesimama wazee watatu: mhasibu mkuu, dereva wa Fuso na fundi wetu wa kukata vioo. Hawakuja kunipongeza. Mhasibu, ambaye anastaafu mwakani, aliuliza kwa sauti ya mtu anayefuata majibu ya vipimo hospitali: "Sasa wameweka asilimia ngapi?"

Nilikuwa nimesahau kwamba Tanzania neno hilo limeshatoka kwenye kamusi. Tangu 2018, kanuni mpya za kukokotoa mafao ya wastaafu zilipozua kelele nchi nzima mpaka Rais Magufuli akazisimamisha Desemba ya mwaka huohuo, ukitamka kikokotoo mbele ya mtu aliyevuka miaka hamsini unampandisha presha. Nikaapa kwamba hiki changu kinakokotoa mauzo ya saruji na mabati, basi. Dereva akanitazama kwa huruma. "Na wale walianza hivyohivyo kwa upole," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Nikabadili jina. Ukurasa ukaitwa "Hali ya Biashara", jina ambalo halijawahi kumtisha mtu yeyote isipokuwa mwenye biashara.

Mwenye biashara ni mama mmoja aliyeanza kwa kuuza misumari ya kupima kwa kopo, leo ana maduka manne ya vifaa vya ujenzi jijini Dar: Kariakoo, Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto. Sote tunamwita Mama. Yeye wanaume wote wenye umri wa wanawe anatuita "baba", na ukimsikia anavyolitamka unajua kama umepandishwa cheo au unafukuzwa. Wazo la dashibodi alilipata kwenye kikao cha harusi. Shoga yake mwenye maduka ya vitenge alitoa simu, akagusa kioo, maduara yakajigawa, mistari ikapanda na kushuka, wanakamati wakasahau bajeti ya ukumbi. Jumatatu nikaitwa ofisini.

"Baba, nataka maduara."

Mimi ni mhasibu msaidizi. Nilichaguliwa kwa sababu ofisi nzima ni mimi peke yangu ninayejua kugandisha ule mstari wa juu wa Excel ili usipotee ukishuka chini. Nchi hii watu wamekuwa wataalamu kwa sifa ndogo kuliko hiyo.

Nieleze kidogo alichokuwa anakitaka, maana ndicho kilichonitia matatani. Hakutaka jumla iliyoganda kama bei iliyobandikwa ukutani. Alitaka namba inayogeuka: akigusa Tegeta, iwe ya Tegeta, akigusa rangi, iwe ya rangi ya Tegeta, akigusa Machi, iwe ya rangi ya Tegeta ya Machi, na pembeni ijilinganishe yenyewe na Machi ya mwaka jana. Kwenye Power BI, programu niliyoitumia, huandiki jibu. Unaandika fomula moja, tuiite kipimo, halafu kipimo hicho kinapiga hesabu upya kila mtu anapogusa kichujio. Fomula ni ileile, majibu hayana idadi.

Nilisoma maelezo ya jambo hili wiki mbili bila kuambulia kitu, mpaka siku nilipomkumbuka mjomba wangu wa Muheza. Ukimuuliza mjomba ana ekari ngapi za michungwa, hajibu kabla hajatupa jicho barazani kuona nani amekaa. Wakiwepo wakwe watarajiwa, ana ekari kumi na mbili. Akiwepo mtu wa kukusanya michango, ana tatu, tena mbili zimeingia wadudu. Akitokea mtu wa ushuru, shamba lote ni la marehemu kaka yake. Mjomba anakataa katakata kwamba anadanganya. Anasema anajibu baraza. Kipimo nacho ndivyo kilivyo: kabla hujakitukana, angalia kwanza nani amekaa barazani.

Neno lenyewe dashibodi, kwa Kiingereza chake cha asili, lilikuwa la ubao uliofungwa mbele ya gari la farasi ili matope yanayorushwa na kwato yasimfikie dereva. Ubao wangu mimi haukuzuia kitu. Matope yote yalinijia usoni.

Kwanza fedha. Makarani walikuwa wamejaza Excel kama walivyozoea kujaza risiti: 18,500/=. Ule mkia wa mwisho, ambao kwenye karatasi humzuia mjanja asiongeze sifuri kwa kalamu yake, ukiuandika kwa mkono kompyuta huiona namba nzima kuwa neno, na maneno hayajumlishiki. Kwa hiyo mauzo ya Kariakoo, duka letu kubwa kuliko yote, yalikaa sifuri wiki nzima, kwa kuwa karani wa Kariakoo ndiye mwenye adabu kuliko wenzake: hakusahau /= hata mara moja. Tegeta, ambako karani ni mvivu, ndiko kulikoongoza.

Halafu majina. Mbagala tuna duka moja. Dashibodi ilihesabu sita: Mbagala, Mbagara, Mbagala R/3, Rangi Tatu, Mbgl, na Mbagala nyingine yenye nafasi tupu mbele yake, ambayo kwa macho ya binadamu ni ileile, kwa kompyuta ni mji mwingine kabisa. Mama alipoona ana matawi tisa alifurahi kwa dakika moja hivi. Sikuwa na haraka ya kumkatisha.

Hayo yalisafishika. Kilichokaribia kumpeleka mtu polisi ni saa.

Mama alitaka kujua wateja wanafurika saa ngapi, ili apange vibarua wa kupakia. Nikatengeneza chati. Matawi matatu yalikaa vizuri, yana kilima asubuhi na kilima kidogo alasiri. Mbagala ikaonyesha duka linafunguliwa saa nane usiku, linachangamka hasa kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja alfajiri, na linafungwa saa sita mchana. Kama bekari.

Mama aliitazama chati ile kimya, akavua miwani, akaivaa tena.

"Baba, ni nani anayejenga usiku?"

Hapo ningeweza kusema ngoja nikague. Badala yake nilisema sentensi ambayo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke: "Namba hazidanganyi, Mama."

Dakika arobaini baadaye tulikuwa Mbagala. Mlinzi, mzee aliyewahi kuwa mgambo, alikuwa ndiyo kwanza anakusanya kandambili zake aende nyumbani. Wakasalimiana. Mama hakumwambia chochote kuhusu chati. Alimuuliza tu, kwa upole wa kutisha: "Hapa saa tisa usiku huwa kunatokea nini?"

Mzee akatazama chini. Akatazama mifuko ya saruji. Akanitazama mimi, mgeni mwenye kompyuta kwapani, na nikaona jinsi uso wake ulivyokata tamaa.

"Mama, nisamehe. Ni miguu tu. Huwa najiegesha kidogo pale kwenye mifuko."

"Kidogo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka adhana."

Mama akanigeukia. "Umeona?" Aliniambia kama vile chati yangu imeshinda kesi. Kwa muda mfupi nami nikaamini kwamba nimegundua genge la wezi wa saruji, wenye utaratibu mzuri kiasi cha kuandika mauzo yao kwenye daftari letu.

Aliyetuokoa ni karani, binti mmoja aliyekuwa anafungua makufuli huku akisikiliza yote. Alileta kauntabuku, akalifungua juu ya kaunta, akaweka kidole. "Hapa. Saa 3:20, mifuko kumi. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Huo usiku umeutoa wapi?"

Sikuutoa popote. Kompyuta ndiyo iliyouleta. Kwa binti yule, kama kwa bibi yake na bibi wa bibi yake, siku huanza kuhesabiwa kunapokucha. Saa tatu ni saa tatu tangu jua litoke. Makarani wengine walikuwa wananakili saa iliyochapwa kwenye risiti ya mashine ya EFD. Binti wa Mbagala alikuwa anatazama saa ya ukutani na kuandika Kiswahili. Kompyuta inaanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo 3:20 yake ikaisoma kuwa saa tisa na dakika ishirini za usiku. Tofauti ni saa sita kamili, wala si zaidi. Jioni ileile nikaandika kwenye fomula: kama tawi ni Mbagala, ongeza saa sita. Wateja wote wakarudi mchana wakiwa salama na mifuko yao.

Lakini maungamo yalikuwa yameshatoka, na maungamo hayarudi. Mlinzi alinyang'anywa kiti. Mpaka leo nikipita Mbagala ananisalimu kwa heshima nyingi kupita kiasi, na ninajua anachokifikiria.

Mkasa wa pili ulikuwa wa wateja 37. Mama haamini jumla yoyote ambayo hajaipiga mwenyewe kwenye kikokotoo chake cha mkononi (samahani, Mhasibu), na siku moja alijumlisha wateja wa kila tawi kwa mwezi: Kariakoo 212, Mbagala 148, Tegeta 96, Gongo la Mboto 81. Akapata 537. Chini kabisa, dashibodi ilisema wateja wa kampuni ni 500.

"Wateja wangu 37 wako wapi?"

Nikamweleza kwamba hawajapotea. Mtu akinunua Tegeta na Kariakoo, kila tawi linamhesabu, lakini kwenye jumla ni mtu mmoja, na fomula inamhesabu mara moja.

"Kwa hiyo mtu amenunua kwangu mara mbili, wewe unamwandika mara moja?"

"Ni mtu mmoja, Mama."

"Amelipa mara mbili."

Hoja hiyo sijapata jibu lake hadi sasa. Nikamchapia orodha ya majina. Ndani yake kulikuwa na fundi mmoja wa Chanika aliyenunua matawi yote manne ndani ya wiki moja. Mama akampigia simu, akitaka kumshukuru mteja mwaminifu. Yule bwana, bila hiana, akamweleza mbinu yake: anakwenda Gongo la Mboto anasema Tegeta wamempa saruji kwa 15,800, anapewa kwa 15,700, anakwenda Mbagala na bei hiyo mpya. Alikuwa amefanya maduka yetu manne yashindane yenyewe kwa yenyewe, naye anakaa katikati kama refa. Mama alikata simu taratibu. Kisha akasema jambo ambalo kwake ni sifa ya juu kabisa: "Huyo ndiye angetengeneza dashibodi."

Ya mbuzi nitaipita haraka kwa sababu bado inaniuma. Niliulizwa faida ya kampuni ni asilimia ngapi ya mauzo. Nilikuwa na asilimia ya kila tawi, nikazijumlisha, nikagawanya. Usifanye hivyo. Chukua matawi mawili tu: moja limeuza milioni 10, likapata faida milioni 2, hiyo ni asilimia 20. Lingine limeuza milioni 90, likapata milioni 4.5, asilimia 5. Wastani wa asilimia hizo mbili ni 12.5, namba tamu sana. Ukweli ni kwamba mmeuza milioni 100 mkapata 6.5, yaani asilimia 6.5. Kipimo kinatakiwa kijumlishe faida yote, kijumlishe mauzo yote, ndipo kigawanye. Duka dogo lisipige kura sawa na duka kubwa. Nililigundua hilo Jumapili usiku. Mbuzi wa kuwapongeza wafanyakazi alikuwa amechinjwa Jumamosi. Kwenye kompyuta karibu kila kosa lina kitufe cha kulirudisha nyuma. Mbuzi hana.

Nilijifariji kwa kumsimulia mke wangu habari za wakubwa. Nikamwambia wachumi wawili, Reinhart na Rogoff, walichapisha mwaka 2010 utafiti wa madeni ya serikali ulionukuliwa na mawaziri wa fedha, na 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, akagundua kwamba fomula yao ya wastani kwenye Excel iliishia njiani, ikaziacha nje nchi tano. Nikaongeza ya Uingereza, Oktoba 2020: wagonjwa wa korona karibu 16,000 hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, kwa sababu faili la aina ya kizamani halipokei zaidi ya mistari 65,536, na iliyozidi ikaachwa mlangoni. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao nao walichinja mbuzi?" akauliza.

Kulikuwa na vijikosa vingine vya kupita. Gongo la Mboto ni tawi jipya, mwaka jana halikuwepo, na mimi nilikuwa nimegawanya kwa mauzo ya mwaka jana. Ukigawanya kwa sifuri, kadi inaandika Infinity, yaani kisicho na kikomo. Meneja wa tawi akaipiga picha akaiweka kwenye status yake siku tatu, ikapokea pongezi nyingi, mojawapo kutoka kwa mchungaji wake. Nilipoweka fomula ya DIVIDE, ambayo ikikutana na sifuri huacha pengo tupu, alinipigia simu kuniuliza nimemkosea nini.

Na kulikuwa na ya rangi. Mwanzoni mwa Aprili 2025 dashibodi ilionyesha mauzo ya rangi yameporomoka vibaya yakilinganishwa na siku zilezile za 2024. Mama akaanza kumshuku muuzaji mpya. Fomula haikuwa na kosa hata la nukta: ilichukua tarehe, ikarudi mwaka mmoja, ikalinganisha. Isichojua fomula ni kwamba mji huu nyumba hupigwa rangi kabla ya Idd, na Idd haikai kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka 2024 Idd el-Fitri ilikuwa Aprili 10. 2025 ikatangulia, Machi 31. Kila mwaka husogea nyuma takribani siku kumi na moja. Nilikuwa nalinganisha wiki ya watu kupaka kuta na wiki ya watu kula biriani iliyolala ndani ya kuta zilizokwisha kupakwa. Nikatengeneza jedwali dogo lenye tarehe za Idd, na kichujio kipya kinachohesabu siku zilizobaki kabla ya mwezi kuandama. Ni kitu pekee katika kazi hii ninachojivunia, na hakuna aliyekitumia.

Sasa kikao.

Kilikuwa kikao cha robo mwaka, mameneja wote wanne, Mama mezani mbele, projekta imekodiwa, maji ya chupa, karanga. Nilikuwa nimekesha. Asubuhi ile, kabla hawajaingia, nilijaribu kichujio kimoja kuhakikisha kinafanya kazi. Kikafanya. Nikasahau kukitoa.

Nikawasha. Namba kubwa ikatokea ukutani: mauzo ya mwezi, shilingi 1,930,000. Kampuni nzima.

Hakuna aliyesema kitu. Nilisikia karanga moja ikidondoka. Mimi mwenyewe niliamini. Nilidhani nimeamka kwenye nchi nyingine. Mama hakufoka. Alisema tu, "Elezeni."

Na wakaeleza! Hilo ndilo lililonishangaza. Meneja wa Gongo la Mboto alisimama wa kwanza, akasema ujenzi wa barabara ya mwendokasi umefunga njia ya kuingilia, malori hayafiki, alishasema mapema. Wa Tegeta akasema vilevile, mwendokasi wake nao uko Bagamoyo Road, vumbi tupu, mteja hawezi kusimama. Wa Mbagala akaleta masika: watu hawamwagi zege mvua ikinyesha. Wa Kariakoo alizungumzia hali ya uchumi kwa ujumla, kwa ufasaha mkubwa, akamalizia kwa kusema vijana siku hizi hawajengi, wanapanga. Walizungumza dakika ishirini bila karatasi. Kila mmoja alikuwa amekuja na sababu ya kuanguka imeiva mfukoni, kama mtu anayetembea na mwavuli.

Ni Mama aliyeona. Alinyoosha kidole kwenye kona ya juu, pale palipoandikwa kwa herufi ndogo: Bidhaa: Misumari.

"Baba, mbona pale pameandikwa misumari?"

Mjomba wa Muheza alikuwa amejibu sawasawa. Mimi ndiye ambaye sikuangalia baraza. Nikagusa "Zote". Namba ikaruka: 214,600,000. Mwezi mzuri kuliko yote tangu kampuni ianze.

Nilitarajia aibu iwakumbe mameneja. Meneja wa Gongo la Mboto alikuwa bado hajakaa. Alikohoa, akasema, bila kupepesa macho, kwamba ndiyo, kama alivyokuwa anaeleza, ujenzi wa mwendokasi umeleta mafundi na vibarua wengi sana eneo lile. Wa Tegeta akatikisa kichwa kukubaliana: vumbi ni dalili ya ujenzi. Wa Mbagala akasema mvua za masika ndizo zinazowakumbusha watu kuezeka. Nikamtazama wa Kariakoo. Akala karanga.

Mama akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akaniagiza nihakikishe kila kichujio kilichowashwa kinaonekana kwa herufi kubwa kama za bango la msiba. Mpaka leo ziko hivyo, nyekundu, juu kabisa, na zinaharibu urembo wote wa ukurasa.

Baada ya hapo nilipata wiki nyingi za amani, na amani ndiyo iliyoniponza. Mtu asiye na kazi huenda kutafuta kosa. Nikalitafuta, nikalipata, kwenye kadi ambayo Mama anaipenda kuliko zote, iliyoko kwenye simu yake: "Mauzo ya Leo".

Kosa lenyewe lilikuwa dogo na la kistaarabu. Kwenye kompyuta yangu leo ni leo. Lakini dashibodi ikishapandishwa mtandaoni, leo yake hufuata saa ya kimataifa, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Maana yake siku yetu ilikuwa haigeuki saa sita za usiku. Ilikuwa inageuka saa tisa za usiku. Miezi yote hiyo hakuna aliyelalamika kwa sababu saa tisa usiku kampuni yote imelala, akiwemo, kama tulivyokwisha kuthibitisha, mlinzi. Mtu mwenye akili angeliacha kosa la namna hiyo liishi maisha yake. Mimi nikalirekebisha. Kwenye fomula siku nzima ni moja, kwa hiyo saa tatu ni 3/24. Nikachukua saa ya kimataifa, nikaandika +3/24, nikahifadhi, nikala, nikalala.

Simu ililia saa sita na dakika kumi na mbili usiku.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Baba, mauzo ya leo sifuri. Matawi yote manne."

Mke wangu akageuka. "Nani?" Nikamwambia Mama. "Mama yako?" Hapana, Mama. Akajifunika shuka kichwani.

"Mama, leo imeanza dakika kumi na mbili zilizopita."

Kukawa kimya. Nilisikia feni ya chumbani kwake.

"Imeanzaje na mimi sijalala?"

"Saa sita usiku tarehe inabadilika, Mama."

"Mimi sijauliza tarehe. Nimefunga maduka jioni, nimekula, nimeswali, sasa nataka nitazame leo tumeuza nini ndipo nilale. Jana nilitazama saa hizihizi, ikaniambia. Leo umeipeleka wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za saa ya kimataifa. Akanikatiza.

"Yule binti wa Mbagala, siku yake inaanza saa ngapi?"

"Kunapokucha, Mama."

"Basi." Akakata.

Nikawasha kompyuta ndani ya chandarua, nikaiweka magotini. Nikafikiri, nikahesabu kwa vidole. Saa ya Dar ni ya kimataifa kuongeza tatu. Siku ya binti wa Mbagala inaanza saa sita nyuma ya siku ya kompyuta. Tatu toa sita, hasi tatu. Nikaitazama fomula yangu: +3/24. Nikaweka mshale juu ya alama ya kujumlisha, nikaifuta, nikaandika ya kutoa. Herufi moja. Nikahifadhi.

Kwenye kadi ikarudi 7,460,000, leo yote, nzima, kama haikuwahi kuondoka.

Ujumbe ukaingia baada ya dakika mbili. "Nimeona. Haya, sasa niache nilale."